Umeona Walimu au Umeona Sare?

Fleti namba 12,
Mtaa wa Kennedy, Kaskazini-Magharibi,
Washington, D.C.

Jumapili, 29 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Anna,

Pokea salamu za wifi yako mkorofi, ambaye bado yu hai ingawa amekaa kimya kama aliyemezwa na nyoka. Habari za Mpwapwa? Magoti je? Boniface aliniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi za kanisani kwa kushika bega la mtu. Nilikucheka kidogo, halafu nikajipapasa ya kwangu, nikanyamaza. Na yeye huyo kaka yangu, presha imeshuka au bado anaongeza chumvi ukimpa kisogo? Mwambie nimeuliza.

Mimi mwilini sijambo. Joto la huku limeanza, lile la unyevunyevu, nguo inakushika mgongoni hata hujafika kituo cha basi. Kazini bado niko na yule bibi wa Chevy Chase. Namwogesha, namlisha, namsomea gazeti kwa Kiingereza changu cha Mpwapwa, yeye anacheka, mchana narudi nyumbani. Christopher wangu yuko Houston, mzima. Hunipigia Jumapili akiwa anaendesha gari, na nusu ya maneno anagombana na ile sauti ya kumwonyesha njia.

Kanisani pia tunaendelea. Ile ibada yetu ya Kiswahili kule Maryland imejaa: Wakongo wanaimba, Wakenya wanatoa matangazo, sisi Watanzania tunaombana radhi mlangoni nani atangulie kupita. Ni saa zangu nzuri za wiki. Tatizo ni kwamba baada ya hapo kila mtu huingia kwenye gari lake.

Najua umekasirika. Tangu Aprili unaniandikia kuuliza shule ya Chepkirui imeishia wapi, na mimi nakujibu "tutaongea". Hatukuongea. Kila nikitaka kupiga simu naona nitalia kabla hatujamaliza salamu, nawe utamwita Boniface, na Boniface atawaita majirani. Sasa Irene, yule dada wa ubalozini ninayesali naye, anakuja Dodoma wiki ijayo, na amekubali kukubebea miwani pamoja na barua hii. Isome peke yako kwanza. Na kalamu nyekundu iweke chini, mwalimu, umeshastaafu.

Nianzie nyuma kidogo, ili hata ukimsomea mtu aelewe.

Majirani zangu unawajua kwa picha: Mutai na mkewe Chepngetich, Wakenya wa Bomet, waliokaa mlango wa pili kutoka kwangu tangu binti yao Chepkirui akiwa darasa la kwanza. Mutai anafanya kazi uwanja wa ndege wa Dulles, mbali kule Virginia. Chepngetich ni nesi katika hospitali ya hapa mjini. Kwa kuwa wote wawili hurudi jioni, mtoto akitoka shule alikuwa anakuja kwangu. Anavua viatu, anafungua friji bila kuomba, anakaa kwenye meza yangu na hesabu zake. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na tunaelewana kuliko watu wengi waliofunga ndoa. Ananiita Shangazi.

Wewe, wifi, una wajukuu wanaokupanda mgongoni, huijui nyumba ambayo kinachonguruma ni friji peke yake. Tangu baba Christopher afariki, yule mtoto ndiye aliyekuwa ananifanya nipike. Mtu mmoja hapiki, anapasha moto tu. Akija Chepkirui nilikata vitunguu, nilikaanga, nilimkaripia, nilikuwa mtu.

Mwaka huu alikuwa anamaliza darasa la nane, na huku sekondari huanzia la tisa. Hapo ndipo majadiliano yalipoanza. Mutai alitaka wahamie Herndon, karibu na kazi yake, ambako shule za serikali zinasifiwa. Chepngetich hakutaka kuwa mbali na hospitali yake. Chepkirui hakutaka kuacha chochote. Ikabaki njia moja: kuna sekondari hapa mjini, vituo vichache vya basi kutoka kwetu, ya zile wanazoziita chata. Ni shule ya bure, fedha zinatoka serikalini, ila ina bodi yake, inajiendesha yenyewe na kujitangaza yenyewe. Huingii kwa kufaulu mtihani, unaingia kwa bahati nasibu ya jiji, na lazima uwe mkazi wa hapa. Wakiipata nayo ikiwa nzuri, wanabaki. Wakiikosa, au ikiwa mbaya, wanahama.

Sasa nani akaikague? Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi moja ya Januari, Mutai yuko zamu, Chepngetich yuko zamu. Mutai akaja kunigongea, kofia mkononi.

"Shangazi, si wewe ndiye mkubwa wetu hapa? Enda utuangalilie. Vile utasema, ndivyo tutafanya."

Chepngetich nyuma yake akaongeza, "Na si wifi yako ni mwalimu? Wewe unajua shule inaangaliwa aje."

Ona ulivyoniponza ukiwa Mpwapwa huko huko.

Nikaenda. Nilivaa ile suti yangu ya kijani ya Pasaka, nikabeba chupa ya chai na vitumbua kwa ajili ya walimu, maana mtu haendi kumwona mwalimu mkuu mikono mitupu. Kumbe mlangoni kuna mashine ya kukagua watu kama ya uwanja wa ndege. Askari akafungua vitumbua, akanusa, akauliza ni nini hivi, akala kimoja. Chai aliizuia. Nikamwachia yote, tukawa marafiki.

Nilipoingia ndani, wifi, moyo ulinipasuka kwa furaha. Watoto wa huku nimewazoea: wanakwenda shule na suruali za kulalia na ndala za mpira, na mwalimu wanamjibu kama mwenzao wa kijiweni. Pale nilikuta sare! Mashati meupe yamechomekwa, sweta za buluu, tai zimekazwa. Sakafu ya ukumbi imechorwa mstari, na watoto wanapita juu yake mmoja nyuma ya mwenzake, kimya. Mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu, kasimama mlangoni anampa kila mgeni mkono. Binti aliyetuongoza alinifungulia mlango, akanipisha nitangulie. Ukutani zimejaa bendera za vyuo vikuu walikokwenda waliomaliza. Nilisimama pale nikaona gwaride letu la asubuhi, nikakuona wewe na fimbo kwapani, machozi yakanitoka. Mama mmoja pembeni akanipa karatasi ya kujifutia, akidhani nimefiwa.

Sikuuliza swali hata moja. Nilisema moyoni, hii ndiyo shule.

Nikarudi nikawaambia hivyo. Mutai alipiga meza kwa furaha. "Sare? Na tai? Wacha! Kwani hii ni Amerika kweli?" Jioni nzima tulisifia sare, watu wazima watatu tuliosomea viboko, utadhani nguo ndiyo inayofundisha. Chepkirui alinisikia ninavyoimwagia shule sifa, akaiweka ya kwanza katika orodha ya shule alizoomba. Mwisho wa Machi matokeo yakatoka, kapata! Alikuja mbio akanirukia shingoni hata tukaangukia kochi. Akaniambia sasa atakuwa anashuka kituo changu kila siku mpaka amalize sekondari, miaka minne mingine. Miaka minne, wifi! Nilijiona nimeongezewa umri.

Ndipo nikakupigia simu kujigamba. Unakumbuka ulichonijibu? Ulinisikiliza mpaka mwisho, halafu ukauliza, "Rosemary, umeona walimu au umeona sare?" Nikachukia. Nawe ukazidi kunichoma: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku ya wageni hata mimi nilikuwa nafagia. Nenda siku ya kazi." Nilikata simu nikasema, huyu mwanamke ana kijicho, hajafika Amerika ndiyo maana. Unisamehe. Lakini swali lako lilinikaa kooni. Kesho yake kazini nilimpa yule bibi uji, nikasahau, nikampa tena, naye akanywa wote kwa heshima.

Bahati nzuri, Aprili shule yenyewe iliwaita watoto waliopata nafasi waje kukaa darasani siku moja ya kawaida, na mtu mzima mmoja aruhusiwe kuandamana naye. Nikaomba ruhusa, nikaenda na Chepkirui. Safari hii sikuvaa suti.

Nisiidhulumu ile shule. Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni vilevile, mvua inanyesha, anawaita watoto kwa majina. Mmoja alikuja hajala, akampeleka jikoni yeye mwenyewe. Mwalimu wa fasihi, kijana mwenye rasta, alifundisha mpaka nikasahau kwamba nimekuja kupeleleza; watoto walibishana juu ya hadithi kama wazee wa baraza, na aliyekosea hakuchekwa. Vyoo, maana najua utauliza, ni visafi. Chakula ni kibaya, lakini mtoto wa huku hatarajii chakula kizuri shuleni.

Kisha tukaingia kipindi cha hesabu. Watoto wamekaa safi, sare zao, kimya, kila mmoja na kompyuta yake. Mbele ameketi baba mmoja anachezea simu. Nikangoja aanze. Hakuanza. Nikadhani wamepewa zoezi. Chepkirui, ambaye kwa hesabu hana mchezo, akamwinamia msichana wa jirani kumwuliza jambo, yule akapandisha mabega. Nikasogea, nikamwuliza kwa upole kama yule ndiye mwalimu wao.

"Hapana, huyo anatuangalia tu," akasema. "Mwalimu wa hesabu aliondoka kabla ya Krismasi. Tunatazama video."

"Na mkikwama mnamwuliza nani?"

Alifikiri kweli, mtoto wa watu. Halafu akasema, "Tunairudisha mwanzo."

Nikatoka nikachungulia maabara. Vifaa vinang'aa, vingine bado viko ndani ya nailoni. Kibarua mmoja wa usafi akaniambia mwalimu wa fizikia wanamgawana na shule nyingine, siku hizi haonekani sana. Wifi, ile picha ya watoto kimya juu ya mstari ilinigeuka. Nilijiuliza wako kimya kwa adabu au hawana la kuuliza wala wa kumwuliza.

Nikamfuata mwalimu mkuu ofisini. Hapa lazima nimsifu, hakunificha. Alifunga mlango, akakaa, akavua viatu chini ya meza kama mtu aliyesimama tangu alfajiri. Akaniambia walimu wa hesabu wananyakuliwa na shule za nje ya jiji, kwamba ametangaza nafasi hiyo mpaka amechoka, na kwamba hata mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo.

"Natafuta kila siku, mama," akasema. "Lakini Agosti, shule ikifunguliwa, siwezi kukuahidi."

Nilimwamini, na nilimhurumia. Nilimshika mkono, nikamwombea palepale bila kumwuliza dini yake. Kisha nikatoka nikakaa kwenye benchi la wageni, sikuona hata watu waliokuwa wanapita.

Chepkirui hakuona nilichokiona. Alitoka na marafiki wapya wawili, amejaribishwa sweta ya buluu, imemkaa. Ndani ya basi aliniegemea bega kama zamani alipokuwa mdogo, akaniuliza kama nimependa. Nikamwambia tutaongea nyumbani.

Sasa nikuambie yaliyokuwa moyoni mwangu siku zilizofuata, maana nikikuficha wewe nitamwambia nani? Nilitunga uongo. Niliutunga vizuri, kwa starehe, nikiwa nakatakata mboga. Wazazi wake hawapati nafasi ya kwenda, nani angejua? Nikajiambia mwalimu atapatikana. Nikajiambia kanisani kuna kijana wa chuo kikuu cha kule Fairfax, atamfundisha Jumamosi. Nikajiambia mwenye akili husoma popote, kwani sisi tulikuwa na nini? Kila sababu ilikuwa na sura ya kweli, na chini ya zote kulikuwa na jambo moja: nilikuwa naogopa kubaki peke yangu. Niliogopa, Anna. Nina karibu miaka sitini, nimevuka bahari, nimezika mume ugenini, na nilikuwa naogopa mchana usio na mtu wa kunifungulia friji.

Lakini yule mtoto anataka kuwa mhandisi. Anataka kujenga madaraja. Amenichorea madaraja mpaka nyuma ya bahasha za bili ya umeme. Nilikuwa nayaangalia yale madaraja na uji unaungua.

Jumapili baada ya ibada wakaja kula kwangu kama kawaida yao. Nilisonga ugali, nikapika mlenda, ambao Mutai huuita mrenda na kudai asili yake ni kwao. Tulipofika katikati ya chakula Chepngetich akanawa mkono, akanigeukia.

"Haya Shangazi, tuambie. Hiyo shule iko aje?"

Chepkirui alikuwa ananitazama anatabasamu. Nikaanza kusifia. Nikamsifia mwalimu mkuu, nikasifia vyoo, nikamsifia kijana wa fasihi. Nikafika kwenye hesabu, nikasita. Niliona kabisa kwamba naweza kuruka hapo, nihamie kwenye chakula, watu wacheke, mambo yaishe. Nikasema. Nikasema yote, mpaka lile la Agosti.

Mutai alitafuna polepole. "Na mwaka jana pia?"

"Na mwaka jana pia."

"Lakini Shangazi, Januari ulituambia..."

"Januari niliona sare, baba."

Akainamisha kichwa, maana zile sare tulizisifia wote.

Chepkirui hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba kama nimemchoka ningemwambia tu, naye asingekuwa anakuja. Kwamba sikuwa na haja ya kuharibu shule yake ili nimwondoe nyumbani kwangu. Mama yake akamkemea, "Wewe Chepkirui! Unaongea na mtu mkubwa!" Akainuka, akavaa viatu, akatoka, mlango akaufunga kwa upole. Sahani yake ilibaki nusu, nikaiacha pale pale mezani.

Hakuja tena. Baada ya shule alikuwa anakwenda maktaba. Nilimtumia mama yake maandazi ampe, nikaambiwa amekula, ila hakutuma hata neno. Jioni nilikuwa namsikia anapanda ngazi, anapita mlango wangu, ufunguo unalia kwao. Kuta za nyumba hizi ni nyembamba, nilimsikia mpaka akicheka. Mume wangu alipofariki nilijua hayupo, nikalia, nikazika, watu wakanipa pole. Huyu alikuwa hai mlango wa pili na nyumba yangu tupu, na hakuna anayekupa pole kwa jambo kama hilo. Nilijaribu kumweleza Christopher, akaniambia, "Mama, si mtoto wa jirani tu?" Nikamwambia aangalie barabara.

Nafasi wakairudisha, akapewa mtoto mwingine aliyekuwa anasubiri. Nilimwombea na huyo. Mutai akapata nyumba Herndon. Chepngetich atakuwa anakuja hospitali kwa treni, safari ndefu, na hajanilaumu hata mara moja. Shule ya kule alikwenda kuiona mwenyewe, siku ya kazi, akaingia kila darasa la hesabu mpaka wakamwuliza kama katumwa na wizara. Alinisimulia hayo tukacheka.

Jana wamehama. Asubuhi niliwakaangia chapati za njiani, ingawa njia yenyewe ni saa moja tu. Nikawasaidia kufunga vyombo, nikafagia vyumba vyao vilivyokuwa vimebaki na alama za picha ukutani. Mutai alinishukuru kwa mikono miwili. Mimi na Chepngetich tulilia kwenye ngazi, mpaka mpangaji wa chini akatoka kuangalia kuna nini. Chepkirui alikuwa ameshaingia kwenye gari, kiti cha nyuma, kabanwa na mito na mablanketi, vidude vya muziki viko masikioni.

Nilikwenda mpaka dirishani kwake. Sikugonga, nilisimama tu. Mwishowe akashusha kioo nusu, akachomoa kidude kimoja, akaniuliza bila kuniangalia, kwa kile Kiingereza chake cha haraka, kama ningefurahi endapo angebaki.

Nikamwambia, "Mwanangu, kuliko kitu chochote."

Hapo akanigeukia. Alinitazama sana, nikaona ile hasira inamtoka usoni na mshangao unaingia. Akasema, "Sasa kwa nini hukudanganya?"

Anna, nilikosa jibu. Mimi, mwenye mdomo huu mnaonisema ukoo mzima. Lori lao la mizigo lilikuwa limeziba njia, watu wanapiga honi, Mutai kashawasha gari, nami nimekishika kioo nimekodoa macho tu. Gari likaondoka. Aliendelea kunitazama mpaka walipokata kona ya Barabara ya Georgia.

Jibu lilinijia wakati napanda ngazi. Ningedanganya, angekuja kila siku. Angekaa mezani kwangu na hesabu zisizomwingia, angeanza kujiona mjinga, na mimi ningekuwa nampakulia chakula huku sababu naijua. Ni hilo tu, halina ufundi wowote. Leo baada ya ibada nimempigia, hakupokea. Nikamwandikia kwenye simu, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Kwa maandishi naonekana najitetea.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, mwalimu. Umefundisha miaka mingi, na watoto wengi wamekununia kwa ajili ya faida yao wenyewe. Niambie, walirudi? Usinitie moyo bure. Kama kuna walioondoka moja kwa moja na hukuwaona tena, niambie hivyo pia, nijue kama hapa ninapokaa jioni namsubiri mtu, au nimekaa tu.

Nisalimie sana kaka Boniface, Edna na wanawe wote, mzee Silvanus, na akina mama wa kwaya ambao bado wanakumbuka jina langu. Mungu awape mvua kwa wakati wake na watu wa kula nao mavuno. Nami mniombee, nitieni katika sala ya jioni mkishamaliza wagonjwa na wasafiri.

Wako akupendaye kwa moyo wote, japo ni mbishi,

Wifi yako,
Rosemary